Altrasaundi imesema figo nzima, mbona daktari anataka Dopla?

Dada yangu wa Chake, Pemba, unauliza kwa nini binti yako wa miaka 24, mwenye presha isiyoshuka kwa dawa tatu, arudishwe kupimwa figo wakati altrasaundi ya mwanzo imesema nzima. Mdogo wangu alipitia hayohayo, nami ndiye niliyekuwa nikimpeleka.

Altrasaundi ya kawaida inatazama figo yenyewe: umbo, mawe, maji kujaa. Mshipa unaoipelekea damu haiupimi; huo ni kazi ya Dopla, altrasaundi inayopima kasi ya damu ndani ya mshipa. Mshipa huo ukibanwa, figo inaona damu haifiki, inamwaga renini, kemikali ya kupandisha presha, na presha ya mwili mzima inapanda. Kwa wazee kinachobana mara nyingi ni mafuta. Kwa wasichana, mara nyingi ukuta wa mshipa wenyewe umekua ovyo.

Hebu itoe ile karatasi utazame urefu wa figo. Ya mdogo wangu iliandikwa kushoto sentimita 8.6, kulia 10.7, na chini yake “kawaida”! Tofauti ikizidi sentimita 1.5 haipitwi hivihivi.

Siku ya Dopla asile tangu usiku, maana gesi tumboni inaziba picha. Wetu mara ya kwanza keshakula mbaazi na maandazi, akarudishwa nyumbani. Tulipokwenda tena alilazwa ubavu, kipimo kikakandamizwa chini ya mbavu, “vuta pumzi, izuie”, na mashine ikawa inalia fyuu, fyuu kwa kila pigo la moyo. Penye mbano damu ilikuwa inakwenda zaidi ya sentimita 200 kwa sekunde. Kuanzia 180 hadi 200 washaanza kushuku. Muulize mpimaji kama mishipa ya figo anaipima mara kwa mara, kwani kipimo hiki ni mkono wa mtu.

Ikibaki shaka ndipo boti ya Dar, kwa CT ya mishipa, yaani picha ya mionzi inayopigwa baada ya kuchomwa dawa ya rangi. Kreatinini, taka ya damuni inayoonyesha figo inavyochuja, ipimwe kwanza, kwa sababu ile dawa ya rangi inaweza kuilemea figo dhaifu. Na aseme kama ana mimba, mzio, au anatumia metformini ya kisukari. Dawa hiyo ya rangi ikiingia, mwili unapata joto la ghafla mpaka mtu adhani amejikojolea, asishtuke. MRI, picha ya sumaku, haina mionzi, ila matawi madogo ya mshipa inaweza kuyakosa. Wa kwetu alimalizia kwa mpira mwembamba uliopitishwa kwenye nyonga, na hapohapo mshipa ukatanuliwa kwa puto.

Kama anameza dawa za presha za enalapril au losatani, asiache mwenyewe. Kreatinini ikipanda zaidi ya asilimia 30 baada ya kuanza, daktari aambiwe upesi: huenda mishipa ya figo zote mbili imebanwa.

Na wewe uliyedakia kuhusu baba wa miaka 70, kwamba mnataka kuuza kiwanja awekewe stenti, kile kibomba cha kuushikilia mshipa wazi: ngojeni kidogo. Utafiti wa CORAL wa 2014, wenye wagonjwa zaidi ya 900 waliobanwa na mafuta, uliona stenti pamoja na dawa haikuwakinga na matatizo ya moyo na figo kuliko dawa peke yake. Wapo wanaoihitaji, kama anayejaa maji mapafuni ghafla, lakini kiwanja kisitangulie daktari.

Dada, Dopla ikitoka weka hapa kasi na urefu wa figo zote mbili. Jina la mtoto lifute.