Ushauri kwa wawakilishi wapya wa tawi, hasa nyie wa viwandani

Hongereni mliochaguliwa. Mimi nimekuwa katibu wa tawi kiwandani hapa Dar kwa miaka mingi na kuna jambo nataka mlishike mapema, chama chetu cha wafanyakazi kitarudisha nguvu pale mwakilishi atakapowajua wenzake laini kwa laini, nani kibarua, nani yuko chini ya wakala, nani mkataba wake unaisha lini. Barua za makao makuu hazifanyi kazi hiyo.

Mtaambiwa wafanyakazi wa siku hizi ni waoga. Mi sikubali kabisa. Mwaka 1947 makuli wa bandari ya Dar waligoma kabla hata hawajasajili chama na mgomo ukafuata reli mpaka bara huko. TFL, shirikisho la vyama vya wafanyakazi Tanganyika, ikaja 1955, katibu mkuu Rashidi Kawawa, ikakua kwa watu kuzunguka sehemu za kazi. Halafu 1964 ikavunjwa ikawekwa NUTA, chama kimoja cha wafanyakazi wote chini ya serikali, katibu mkuu anateuliwa na rais na ada inakatwa juu kwa juu kwenye mshahara, kwa hiyo viongozi wakazoea hela inaingia bila kuongea na mtu yeyote, na kwa maoni yangu hilo zoea ndo linatutafuna mpaka leo. Lakini hata kipindi hicho wafanyakazi wa chini hawakulala, 1973 wale wa Mount Carmel Rubber walikishika kiwanda wenyewe.

Sasa kazi yenyewe. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inaruhusu wawakilishi 10 kama wanachama ni 21 mpaka 100, wakizidi mia mnakuwa 15, na hapo angalau watano wawe wa kuwakilisha wanawake. Matawi mengi yanajaza hizo nafasi na watu wa ofisini na shifti ya mchana basi, wale wa usiku na akina mama wa paking hawana mtu wao, halafu tunashangaa hawajazi TUF 6, ile fomu ya kuruhusu ada ya chama ikatwe kwenye mshahara. Gawaneni kwa shifti na kwa idara. Ukimpata mama mmoja anayeaminika paking, huyo ataleta watu wengi kuliko tisheti zote za Mei Mosi. Na hesabu ya wanachama iangalieni kila mwezi, maana bila wingi wa wafanyakazi mwajiri halazimiki kuwatambua, na bila kutambuliwa hakuna mkataba wa hali bora, yaani makubaliano ya chama na mwajiri kuhusu mishahara na masharti ya kazi.

Msianze na madai ya mshahara. Anzeni na vitu vidogo vinavyouma kila siku, glovu, maji ya kunywa, ovataimu iliyoandikwa pungufu, usafiri wa wanaotoka usiku. Kusanya ushahidi, nendeni kwa HR wawili watatu sio peke yako (ukienda peke yako hata ukirudi mikono mitupu watu watasema umekula), alafu siku hiyo hiyo rudi laini uwaambie kilichosemwa hata kama jibu ni hapana. Mrejesho jamani. Wanachama wengi niliowaona wakijitoa hawakujitoa kwa sababu ya kushindwa, walijitoa kwa kuwa wawakilishi wao walikaa kimya, hawakuwaambia kitu.

Kingine kinachoniuma sana ni watu kufukuzwa na kupoteza haki zao kwa sababu ya tarehe. Mgogoro wa kuachishwa kazi unapelekwa CMA, yaani Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, ndani ya siku 30. Mwenzetu anafukuzwa, anashauriwa aende kumbembeleza meneja, anaambiwa njoo wiki ijayo, wiki ijayo tena, siku zinaisha, hapo inabidi aanze kuomba kuongezewa muda na anaweza akanyimwa. Wewe mwakilishi uwe na fomu namba 1 ya CMA kwenye begi, mwenzako akifukuzwa leo kesho mnakaa mnaijaza, kubembeleza kuendelee huku fomu imeshapokelewa.

Na hela za tawi zisomwe hadharani kila robo mwaka, kiasi cha ada kilichorudi kutoka makao makuu na kilivyotumika, hata kama ni rambirambi tu. Mkataba wa hali bora ukisainiwa toeni kopi, muusome kantini kwa Kiswahili kipengele kwa kipengele, na anayeuliza swali gumu msimkate, huyo mpeni jukumu kwenye mazungumzo yanayofuata.