Nanoteknolojia kwa vitendo bila hadubini ya elektroni

Mwalimu wa Mbarara, umeuliza utafundishaje nanoteknolojia kwa vitendo ukiwa na wanafunzi 40 wa shahada ya kwanza bila hadubini ya elektroni (chombo cha kuonea vitu vidogo mno). Hilo si kikwazo. Anza na chembe nano za fedha, yaani vipande vidogo mno vya madini ya fedha. Chemsha majani ya mpera, chuja, acha maji yake yapoe, kisha tia maji hayo kidogo kwenye myeyusho wa nitrati ya fedha (chumvi ya fedha) ya milimola 1 kwa lita. Rangi itakolea polepole hadi kahawia. Tumia maji yaliyokenekwa (yaliyosafishwa kwa kugeuzwa mvuke na kupozwa)! Mimi nilitumia ya bomba, kloridi ikaleta ukungu mweupe, kipindi kikaharibika.

Mkiwa na spektrofotomita (kifaa cha kupima mwanga unaofyonzwa), tafuteni kilele cha ufyonzaji kati ya nanomita 400 na 450; ndiyo dalili ya chembe nano za fedha.

Glavu na miwani ni lazima. Nitrati hiyo huacha madoa meusi kwenye ngozi. Isikutane na amonia, mchanganyiko ukikaa unaweza kulipuka. Mabaki mkabidhi mtaalamu wa maabara, msimwage sinki.