Kutafuta rekodi za babu aliyepigana Burma
Dada nimekuelewa, unatafuta rekodi za babu, alikuwa KAR (King's African Rifles, jeshi la kikoloni la Waingereza Afrika Mashariki) akapelekwa Burma kwenye Vita vya Pili vya Dunia, na mmebaki tu na cheti chake cha jeshi kimeraruka. Anza na hicho cheti, kipige picha leo na tafadhali usikilaminishe, kisha soma namba ya jeshi na batalioni kwa sababu majina waliyaandika vile waliyasikia, namba ndiyo itakusaidia. Halafu enda Nyaraka za Taifa pale Moi Avenue, Nairobi, uulizie rekodi zake. Shajara za vita za vikosi vya Burma ziko Nyaraka za Taifa za Uingereza, Kew, London, kwenye faili zenye alama WO 172, askari wa kawaida hawatajwi sana lakini utajua kama batalioni yake ilipita bonde la Kabaw, huko Burma, 1944. Mtu akikuitisha pesa ya M-Pesa eti akupatie fidia ya babu, usitume, ona wakili kwanza.