Video za usonji hazimfundishi mtoto zikiachwa peke yake

SWALI: Mwanangu ana miaka 6, ana usonji. Nilinunua video za kufundisha watoto kusalimia na kucheza na wenzao, zinauzwa kwenye kundi la WhatsApp. Anaziangalia kutwa, amezikariri neno kwa neno, lakini mgeni akiingia hamsalimii. Nimekosea wapi?
Mama D., Tabata

JIBU: Mama D., kukariri si kazi ngumu kwa watoto wengi wenye usonji. Kazi ni kuyatumia maneno hayo mtu akiwa amesimama mbele yake.

Njia yenyewe ya kufundisha kwa video si ya kubahatisha. Mwaka 2000 mtafiti Charlop-Christy na wenzake, Marekani, waliwapima watoto watano wenye usonji, na stadi zilishikwa haraka zaidi kwa video kuliko kwa kuonyeshwa ana kwa ana. Lakini kila video ilikuwa na stadi moja, na mtoto alijaribu baada ya kuitazama. Hakuna aliyekabidhiwa simu asubuhi hadi jioni.

Hapo ndipo uvumilivu wangu unapoisha. Mzazi anauziwa saa nzima za watoto wa Kizungu wakipeana mikono. Bibi wa Tabata anangoja shikamoo yake, na humo haimo!

Rekodi mwenyewe. Binamu yake aingie, aseme "Shikamoo bibi", bibi aitike "Marahaba", basi. Isizidi dakika moja, bila muziki wala katuni. Mwonyeshe mara mbili, zima simu, kisha bibi aingie kweli. Akitamka nusu, msifu papo hapo. Usimlazimishe kumkazia bibi macho, salamu inatosha. Akizoea, rekodi nyingine na mjomba, nyingine na Mangi dukani, la sivyo atamwamkia bibi peke yake. Mwisho punguza kuonyesha hadi uache kabisa. Kucheza na wenzake kufuate baadaye, kwa mtindo huohuo.

Na tahadhari, maana mara nyingi anayeuza video hizo ana na "matone ya kuondoa usonji". Usonji si minyoo, hautolewi kwa matone. Baadhi ya hayo matone ni klorini dayoksaidi, kemikali ya kupaushia. Mwaka 2019 mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani ilionya watu wasiyanywe: yanatapisha, yanaharisha, yanashusha presha hadi hatari. Kama mwanao ameshapewa, mpeleke hospitali leo, na chupa uende nayo.