Himofilia ikiingia nyumbani, waangalie wajomba

Mwanangu alipogundulika ana himofilia, ugonjwa wa damu kutoganda vizuri, upande wa baba yake walisema, "Kwetu jambo hili halipo." Kweli halipo, lakini hata lingekuwepo, mwanangu asingelirithi kwao. Baba humpa mtoto wa kiume kromosomu (uzi wa urithi ndani ya seli) iitwayo Y, na ile ya X huwapa mabinti peke yao. Jeni, yaani maelekezo ya urithi, za faktari 8 na faktari 9, protini zinazogandisha damu, zimo kwenye X. Kwa hiyo X ya mvulana, nzima au mbovu, imetoka kwa mama.

Mwanamke ana X mbili, basi moja ikiwa na hitilafu, ile nyingine kwa kawaida humsitiri. Mvulana hana ya akiba.

Ushauri wangu: chukua karatasi, chora ukoo wa mama. Duara kwa wanawake, mraba kwa wanaume, na kila aliyevuja damu kupita kiasi mpake wino. Usiulize "nani alikuwa na himofilia", hakuna atakayekujibu. Uliza nani alivuja sana baada ya tohara au kung'olewa jino, nani magoti yalimvimba bila kuanguka. Kwa mama yangu jibu lilikuja polepole: kaka yake mmoja, aliyefariki mdogo, "damu yake ilikuwa nyepesi". Nikapaka mraba wa kwanza.

Ukikosa hata mmoja, usimgeuzie mama kibao. Takriban theluthi moja ya wagonjwa hawana historia ya ugonjwa huu katika ukoo. Mara nyingi kwao hitilafu imezuka kwa mara ya kwanza, haikutoka kwa mababu.

Halafu hesabu. Mama mbebaji, yaani mwenye X moja yenye hitilafu, akizaa mvulana, uwezekano wa kuugua ni nusu kwa nusu. Akizaa binti, nusu kwa nusu awe mbebaji. Shangazi wa mume wangu alinifariji kwamba wa kwanza akishapata, wa pili husalimika. Nilimshukuru, lakini sivyo: kila mimba huanza hesabu yake upya. Na mwanangu akija kuoa mke asiye mbebaji, wanawe wa kiume watakuwa salama, mabinti zake wote watakuwa wabebaji. Ndiyo maana watu husema ugonjwa umeruka kizazi.

Lisilosemwa vya kutosha ni kwamba mbebaji naye anaweza kuvuja. Hedhi nzito miaka yote, tukaambiwa ndivyo tulivyoumbwa! Pima kiwango cha faktari kabla ya upasuaji, kung'oa jino au kujifungua. Kiwango kikiwa kizuri bado hakithibitishi kwamba si mbebaji. Hilo hujulikana kwa kipimo cha jeni.

Dada yako akishika mimba, aende kliniki na mchoro ule. Wakunga wakijua mapema, wataepuka kumvuta mtoto kwa kifaa cha kunyonya kichwani, na damu ya kitovu itapimwa kabla ya mtu yeyote kuzungumzia tohara.