Hitishrinki ya 600V kwenye paneli za volti 598

Mkuu, nimesoma swali lako. Paneli 13 umeziunga mfululizo kuendesha pampu ya kumwagilia parachichi huko Njombe, kila paneli ina Voc (volti zake bila mzigo) ya 46, jumla 598. Waya ulikuwa mfupi ukaunga, jointi ukaivika hitishrinki, ule mpira unaosinyaa ukipashwa moto, iliyoandikwa 600V. Unauliza kama inatosha, na kama ukivika mbili unapata 1200V. Haitoshi, na hizo 1200 hazipo.

Hiyo 598 yenyewe inakudanganya. Voc iliyobandikwa nyuma ya paneli hupimwa seli zikiwa na joto la nyuzi 25. Asubuhi ya Julai, Njombe, hata ukivaa makoti mawili unatetemeka. Nyuzi 5 si ajabu. Paneli ikipoa volti hupanda, kwa nyingi ni kama asilimia 0.3 kwa kila nyuzi moja inayopungua. Kutoka 25 hadi 5 ni nyuzi 20, yaani asilimia 6. Jua likichomoza tu, kabla paneli hazijapata moto, una kama volti 634. (Inveta ya pampu nayo kaangalie kikomo chake. Kama ni 600, hiyo ndiyo dharura yako ya kwanza, hitishrinki baadaye.)

Sasa atatokea mjuzi hapa aseme 600V ya AC (umeme wa gridi) kilele chake ni karibu 850, kwa hiyo 634 ya DC (umeme wa paneli) inapita. Hesabu yake ni sahihi. Lakini AC ya hertzi 50 hupita sifuri mara 100 kila sekunde, cheche ikianza ina nafasi ya kuzimika. DC ya paneli haina sifuri. Cheche ikishika pale kwenye jointi inaendelea kuunguza mpaka waya uachane au jua lizame.

Ile namba 600V ni volti ambazo mpira unaweza kukaa nazo kila siku. Kiwandani, kwa kiwango cha UL 224, mpira wa 600V hupimwa kwa volti 2500 kwa dakika moja. Ndiyo maana utasikia muuzaji akisema "huu unabeba hata elfu mbili." Dakika moja, mpira mpya, mkavu, umesinyaa wote! Namba nyingine pale, 125°C na VW-1, ni joto la kufanyia kazi na jaribio la moto. Hazihusiani na swali lako.

Hilo la kusinyaa wote nililijifunza kwa aibu. Niliunga kebo ya pampu ya kisima, faza tatu za volti 400, pande za Uyole. Mpira niliokuwa nao ulikuwa wa milimita 12.7, wa kusinyaa hadi nusu, na jointi yangu ilikuwa na unene wa kama 11. Ukaingia kwa shida, nikapasha moto, ukabana vizuri, nikafurahi. Kumbe mpira ule unafikia unene wake wa milimita 0.64 ukisinyaa hadi 6.4. Ukizuiwa kwenye 11 unabaki na kama 0.4. Juu yake, risasi niliyochomea ilikuwa na kimwiba ambacho sikukipiga tupa. Nilipima kwa mega (kipimo cha kuonyesha kama umeme unavuja) ikasoma vizuri, nikalipwa. Wiki mbili baadaye breka inaanguka kila ikiwashwa. Tulipovuta bomba tulikuta kimwiba kimechungulia nje na maji yameingia kupitia ncha za mpira, maana haukuwa na gundi ndani. Kuvuta na kushusha tena nililipia mimi.

Kwa hiyo mipira miwili: ndiyo, unene unaongezeka, na kwa waya wa taa nyumbani mimi mwenyewe navika miwili. Lakini kati ya tabaka hubaki hewa na unyevu, wa juu pengine hausinyai hadi mwisho, na hakuna kiwanda kilichopima mchanganyiko wako kikaandika 1200. Kuna jamaa aliwahi kuniuliza kama akivika ishirini anaweza kugusa laini ya 11kV. Huyo nilimkimbia. Kebo za 11kV zina seti zake za kuungia, zenye tabaka maalum la kutawanya msongo wa umeme pale kebo inapoishia; wingi wa mpira hauzibi pengo hilo.

Ningekuwa wewe ningeifungua hiyo jointi nitupe. Nunua waya wa sola wa 1500V DC unaofika bila kuungwa, au weka konekta za MC4 (zile plagi za waya wa paneli) za 1000V na kuendelea, dume na jike za kampuni moja, zibanwe kwa koleo lake na si kwa plaizi. Ikibidi kabisa kuunga, tafuta mpira mnene wenye gundi ulioandikwa 1000V au zaidi, wenye kipimo ambacho jointi yako iko karibu na mwisho wa kusinyaa kwake, upite sentimita kadhaa kila upande juu ya ganda la waya. Pasha kuanzia katikati kwenda nje mpaka gundi ichungulie kote.

Na kabla hujagusa chochote zima DC, kisha funika paneli au subiri giza. Mchana hizo volti zipo hata pampu ikiwa imezimwa.