Jezi Namba 7 na Daftari la Mechi: Majibu kwa Wasomaji wa Ukurasa wa Michezo

SWALI: Ndugu Mhariri, mimi ni mlezi wa timu ya besiboli ya chuo kimoja hapa Jinja, Uganda. Mwakani timu inatimiza miaka kumi, nasi tumeazimia kuwatunuku wachezaji na makocha waliofanya vizuri kuliko wengine. Wajumbe wa kamati wanataka jezi namba 7 ya mrushaji wetu bora (anayemrushia mpigaji mpira) istaafishwe, yaani isivaliwe tena na mwingine, na uwanja upewe jina la kocha ambaye bado anafundisha. Lakini jezi zetu ni kumi na nane tu, zote za msaada, na wapo wanaonung'unika kwamba mdakaji (anayeudaka mpira wa mrushaji) aliyetutumikia miaka minne hatajwi na yeyote. Tuanzie wapi?
*Mlezi wa timu, Jinja*

JIBU: Ndugu Mlezi, anzieni kwenye daftari la mechi, fundi wa ngao mtamfuata baadaye. Barua yako inamtaja mrushaji "bora" bila kutaja hata mechi moja aliyoshinda, wala sikulaumu, kwa kuwa timu zetu nyingi huandika matokeo kwenye karatasi ambayo hubaki mfukoni mwa kocha mpaka suruali ifuliwe. Kabla kamati haijakaa tena, watafuteni wote waliowahi kuandika matokeo, mkusanye madaftari, picha na orodha za vikosi, kisha kila mchezaji afunguliwe ukurasa wake wenye majina kamili, miaka aliyochezea chuo, nafasi yake uwanjani na takwimu zinazoweza kuthibitishwa.

Uzito wa karatasi tunaujua sisi kuliko wengi. Mwaka 2011 watoto wa Kampala walitwaa ubingwa wa kanda yao nchini Poland na kupata haki ya kwenda Williamsport, Marekani, kwenye fainali za dunia za Little League, mashindano ya besiboli ya watoto, lakini wakanyimwa viza kwa sababu ya kasoro katika nyaraka za umri. Timu ya Lugazi ndiyo iliyokuja kufika huko, mwaka 2012. Nami niliwahi kuhudhuria sherehe ya chuo ambacho sitakitaja, pazia la ngao likavutwa, na jina la mdakaji likaonekana limepungukiwa herufi moja. Mama yake alilisoma mara mbili huku kidole kikifuata maandishi, kisha akarudi kuketi kimya. Fundi wa Nasser Road, mtaa wa uchapaji jijini Kampala, huchonga alichoandikiwa, kwa hiyo mwenye jina na ayasome maandishi kwanza.

Takwimu nazo zisomwe kwa uangalifu. Timu za daraja la juu la vyuo vya Marekani huruhusiwa kucheza hadi mechi 56 katika msimu wa kawaida, ilhali zetu zikipata kumi zinashukuru. Mpigaji mwenye mapigo salama 10 (yanayomfikisha kwenye kituo) katika zamu 25 za kupiga ana wastani wa 0.400, yaani mapigo yakigawanywa kwa zamu, lakini akitoka mikono mitupu katika zamu tano zinazofuata anashuka hadi 0.333, jambo linaloweza kutokea katika mechi mbili tu. Ndiyo maana ningependa mhesabu miaka yote ya mtu pamoja, wala msimvike taji kwa msimu mmoja uliomwendea vyema.

Tena zipo heshima ambazo wastani hauwezi kuzieleza kabisa. Jackie Robinson, Mmarekani mweusi, alipoichezea besiboli timu ya UCLA, Chuo Kikuu cha California cha Los Angeles, mwaka 1940, wastani wake ulikuwa 0.097, yaani hakufikisha hata pigo moja salama katika kila zamu kumi, na besiboli ndiyo iliyokuwa mchezo wake dhaifu kati ya minne aliyokichezea chuo hicho. Hata hivyo uwanja wa besiboli wa UCLA una jina lake, na mwaka 2014 chuo kilistaafisha namba 42, aliyoivaa katika ligi kuu ya Marekani, katika michezo yote, kwa ajili ya yale aliyoyafanya kuanzia 1947 alipovunja ubaguzi wa rangi katika ligi hiyo.

Kwa mtazamo huo, mdakaji wenu anastahili kusikilizwa. Yeye huchuchumaa mechi nzima nyuma ya mpigaji, huita aina ya mpira utakaorushwa, huuzuia kwa kifua ule uliogonga vumbi, na mrushaji akiyumba yeye ndiye anayemwendea na kumtuliza. Karibu hakuna lolote kati ya hayo linaloingia daftarini. Waulizeni warushaji waliorushia glavu yake, maelezo yao yaandikwe na kutiwa sahihi, nayo yawe sehemu ya ukurasa wake.

Kuhusu kocha, si mwiko kumtunuku mtu angali kazini. Uwanja wa USC, Chuo Kikuu cha Kusini mwa California, ulipewa jina la kocha wake Rod Dedeaux mwaka 1974 naye akaendelea kufundisha hadi 1986, ila kufikia hapo alikuwa ameanza kazi hiyo tangu 1942, na alistaafu na ubingwa wa kitaifa mara 11. Kocha wenu hajatimiza hata miaka kumi. Mpeni ngao sasa, tena mbele ya wazazi, na suala la uwanja lisubiri. Jina likishabandikwa getini, kulibandua ni aibu kwa pande zote mbili.

Jezi namba 7 msiistaafishe. Mkitoa moja kati ya kumi na nane, kuna kijana atakayekaa benchi kwa kukosa vazi. Shoneni nyingine yenye namba hiyohiyo, apewe kila mwaka mrushaji atakayechaguliwa na wenzake, na ile ya zamani itiwe kwenye fremu ya kioo ndani ya maktaba, mbali na jua na mchwa.

SWALI: Je, wasichana wa softiboli waingizwe katika orodha hiyohiyo ya heshima?
*Msomaji, Mbale*

JIBU: Ndiyo, ukuta uwe mmoja, ila takwimu zitengwe. Softiboli huchezwa kwa awamu saba badala ya tisa, mpira wake ni mkubwa zaidi na hurushwa mkono ukitokea chini, hivyo kulinganisha warushaji wa michezo hiyo miwili kwa namba kutazua ugomvi usio na mwamuzi.